Dakika Tisini Bila Kusaini

Verlin Haggerty wa Kokomo, Indiana, alikuwa hajui kusema hapana. Si kwamba alikuwa mjinga. Alifunga mitambo kiwandani miaka thelathini na minne, na kwenye mambo ya vyuma hakuna aliyewahi kumchezea. Lakini mtu akisimama mlangoni kwake na kitu mkononi na tabasamu usoni, basi, kwisha habari yake. Ndiyo maana nyumba yao ilikuwa na mashine tatu za kufyonza vumbi na zulia moja. Ndiyo maana friza lilijaa biskuti za wasichana wa skauti, nyingine za zamani hivi kwamba wasichana wenyewe walikwisha kuolewa. Ndiyo maana pia alimiliki robo ya alpaka, mnyama wa sufu mwenye shingo ndefu aitwaye Duchess, aliyekuwa akifugwa huko kusini mwa jimbo. Hadi leo Verlin hajaambiwa robo yake ni ya mbele au ya nyuma.

Mkewe, Nadine, hakuwa na maradhi hayo. Nadine akienda kununua godoro, muuzaji ndiye aliyetoka dukani na kichwa kinauma. Alikuwa na daftari nene la kurasa mia mbili, lenye vichupo vya rangi ukingoni mwa kurasa, na ndani yake alilinganisha kila kitu: matairi, madaktari wa meno, hata makanisa, maana kuna moja lilikuwa na maegesho mazuri zaidi. Watoto wake walimcheka kwa daftari hilo tangu wakiwa wadogo, na walipokua wakaendelea kumcheka kwa simu. Nadine alijifanya hajali, ila alikuwa anajali sana.

Sasa, Sikukuu ya Shukrani, siku ya kula bata mzinga, mbele ya wakwe na mashemeji wote, Nadine alimwahidi mjukuu wake Tilly kwamba atampeleka Nchi ya Fisi Maji. Hiyo ni bustani kubwa ya michezo kule Florida, yenye mabembea ya kutapisha watu na foleni za kuzeesha watu. Mwenye nyumba ni Kapteni Fisi Maji, mnyama wa mtoni mwenye masharubu na kofia ya nahodha, ambaye ndani yake, tusifichane, huwa kuna mtu anatokwa jasho. Lakini Tilly, wa miaka sita na asiye na meno mawili ya mbele, hakutaka kuingia tu na kutoka. Alitaka kulala Hoteli ya Magogo, iliyo ndani ya bustani yenyewe, kwa sababu kila asubuhi Kapteni hupita chini ya madirisha akigonga sufuria na kuwaita watoto kwa majina yao.

"Nitakulaza hapo hapo," Nadine alisema, akiwa na paja la bata mkononi. "Neno la bibi yako."

Shemeji mmoja akacheka puani. Nadine akalisikia lile cheko, na kesho yake akafungua ukurasa mpya.

Alianza kwa kupiga simu hotelini moja kwa moja. Bei aliyotajiwa ilimfanya aketi chini, ingawa alikuwa tayari ameketi. Akapiga tena siku ya pili, ya tatu, hadi ya tisa, saa tofauti, akibadilisha sauti, mpaka dada wa mapokezi akawa anamwambia, "Habari za asubuhi, Mama Haggerty, leo mafua yamepungua?" Akahamia kwenye mitandao ya kulinganisha hoteli, ile inayokuambia kimebaki chumba kimoja tu na watu kumi na saba wanakitazama sasa hivi. Nadine aliweka nafasi za vyumba vitano, akazifuta zote, akaweka tena tatu. Akamwendea wakala wa safari, mama mmoja mpole wa pale mjini, ambaye baada ya saa mbili alimuomba Nadine amwachie nakala ya daftari. Akaingia hata kwenye kundi la watu wanaokodishana siku zao za hoteli mtandaoni, ambapo bwana mmoja wa Delaware alimpa bei safi kabisa, ila alitaka atumiwe pesa kwanza na jina lake lilikuwa likibadilika kila barua. Nadine akamfuta kwa kalamu nyekundu.

Ikabaki njia moja. Hoteli ya Magogo yenyewe ilikuwa ikitoa usiku tatu kwa chini ya nusu bei, pamoja na tiketi za bustani, kwa mume na mke watakaokubali kukaa kwenye kikao cha dakika tisini. Kikao chenyewe ni cha kuuziwa wiki. Unanunua wiki moja ya chumba, ya kila mwaka, mpaka siku ya kufa kwako, na ukishakufa inawahamia wanao wapende wasipende. Hulazimishwi kununua. Unakaa tu, wote wawili, macho wazi, dakika tisini, kisha unagongewa muhuri kwenye karatasi yako na kwenda kuchukua ufunguo wa chumba. Akiba yao ya miaka miwili ilitosha njia hiyo na si nyingine. Kwa Nadine ilikuwa njia nzuri mno, yenye kasoro moja iliyokuwa wakati huo jikoni inasikiliza redio na kula biskuti ya skauti.

Akamwita. "Verlin, ukisaini ile karatasi, tumekwisha. Akiba imekwenda, paa halitengenezwi, na tutakuwa tunalipia wiki za Florida tukiwa kaburini."

"Kaburi si lipo?" Verlin alisema kwa matumaini. Lilikuwepo kweli. Alilinunua mlangoni, mwaka ule wa mafuriko.

"Verlin!"

"Nimeelewa, mama. Sisaini."

"Sema hapana."

"Ndiyo," alisema Verlin. "Nitasema."

Safari ya siku mbili kwa gari ikageuka kuwa shule. Nadine aliendesha, Verlin alikaa pembeni, na Tilly akawa mwalimu kutoka kiti cha nyuma, kwa kuwa alionyesha kipaji.

"Babu, unataka kununua jiwe hili?" aliuliza walipokuwa katikati ya Kentucky.

"Jiwe la namna gani?"

"Usiulize!" Nadine alifoka. "Ukishauliza umeshanunua! Sema hapana!"

"Ni jiwe la kijivu," alisema Tilly kwa pengo lake. "Limetoka kwenye kituo cha mafuta. Leo tu, dola moja."

Maili nzima ikapita. Kisha Nadine akasikia pochi ya mumewe ikifunguka polepole. Hadi wanaingia Georgia, Verlin alikuwa na mawe manne, kijiko cha plastiki, na mfuko mkubwa wa karanga za kuchemsha alizouziwa na mzee mmoja kandokando ya barabara, naye Verlin hapendi karanga.

"Lakini kwa nini?" Nadine aliuliza, karibu kulia. "Nieleze, mzee wangu. Neno lenyewe ni fupi!"

Verlin akatazama nje. "Niliwahi kuuza bima, kabla hatujaoana. Mlango kwa mlango, kipupwe kizima, mjini Muncie. Watu walikuwa wananiona dirishani halafu wanazima taa. Mchana, Nadine. Wanazima taa mchana."

Nadine alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alimwonea huruma kama maili tano, kisha akarudi kwenye mpango. Alisimama dukani akanunua peremende kubwa za mviringo, zile ngumu zinazojaza mdomo mzima. Verlin ataingia kikaoni na peremende mdomoni, na ikiisha ataweka nyingine. Mtu asiyeweza kufungua mdomo hawezi kusema ndiyo. Maneno yote atayasema Nadine.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wenye meza ndogo za mviringo, donati za bure, na kona ya watoto ambako Tilly alipewa picha ya Kapteni aipake rangi. Kila meza ilikuwa na mume na mke na muuzaji mmoja. Mbele kulikuwa na kengele ya shaba. Kila wageni waliponunua, kengele ilipigwa, ukumbi mzima ukapiga makofi, na wanunuzi wakavishwa kofia za nahodha. Nadine aliwahesabu wenye kofia, akawasikitikia, akakaza mkoba wake.

Muuzaji wao alikuwa kijana mrefu, Corbin, mwenye tai yenye picha za samaki na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alimpa Verlin mkono.

"Karibu sana, mzee. Safari ilikuwaje?"

"Mmmf," alisema Verlin.

"Anaumwa koo," alisema Nadine. "Nami nikwambie mapema, mwanangu, usijichoshe. Hatununui. Tumekuja kwa ajili ya muhuri."

"Hakuna neno, mama. Wengi husema hivyo."

Corbin akaanza. Alionyesha picha za mabwawa, picha za wazee wanaocheka kwenye maji, picha ya familia iliyovaa nguo za rangi moja. Nadine alimjibu kila hoja kabla haijamaliza kuzaliwa. Verlin alikuwa akitikisa kichwa kukubali, maana kichwa hakikuwa na peremende, na kila akitikisa Nadine alimfinya paja chini ya meza. Dakika arobaini zikapita hivyo. Corbin alikuwa amelegea. Alikiri kwamba hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu kazini na kengele ile hajaigusa bado. Macho ya Verlin yakajaa machozi, Nadine akamfinya mara mbili.

Ili kummaliza kijana, Nadine akatoa daftari, akaliweka mezani kwa kishindo. "Mimi nimelinganisha kila njia iliyopo duniani ya kulala hapa. Huna jipya la kuniambia."

Corbin akalitazama. "Naweza kuliona?"

Akalifungua taratibu, akipeleka kidole juu ya vichupo. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. Hakucheka.

"Mama," alisema, "umeweka mpaka siku ambazo shule za Canada zinafunga?"

"Huwa wanakuja wengi mwezi wa tatu," alisema Nadine. "Wanapandisha bei."

"Na hii rangi ya zambarau?"

"Maegesho."

"Mungu wangu. Na maegesho." Corbin alisimama, akamwita msimamizi wake, mwanamke wa nywele fupi za fedha aitwaye Suzette. "Njoo uone kitu hiki."

Suzette akaja, akavaa miwani, akainama juu ya daftari. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," alisema, "na sijawahi kuona kichwa kama chako, mama yangu. Watoto wako lazima wanajivuna."

Hapo ndipo Nadine alipoingia mkenge, na msimulizi hamlaumu. Mtu akichekwa miaka arobaini kwa kitu kimoja, halafu wawili wakakisoma kwa heshima mbele yake, hujisahau. Alivuta kiti karibu. Akawaonyesha bwana wa Delaware, wakacheka naye pamoja. Akawaonyesha zile simu tisa, Suzette akampigia makofi. Kisha Suzette akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Hebu tulinganishe na wiki yetu basi. Tuiandike hapa hapa, safu ya mwisho. Daftari ni lako, uamuzi ni wako."

Kuna jambo Nadine hakuwahi kulifanya maishani, nalo ni kuacha safu wazi. Akachukua kalamu ya kijani. Wakagawa bei ya wiki kwa idadi ya usiku watakaolala kwa miaka arobaini, na kweli, haikuwa na mpinzani. Ilizishinda njia zote.

"Baada ya miaka arobaini nitakuwa na mia na tatu," alisema Nadine, akikuna sikio kwa kalamu.

"Bwawa halina ngazi," alisema Suzette. "Lina mteremko. Utaingia polepole."

"Mteremko!" Nadine akauandika. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Verlin, umesikia? Mteremko."

"Mmmf!" alisema Verlin.

"Bei hii ni ya leo tu," Corbin alisema kwa sauti ndogo, akateremsha karatasi mezani. "Kesho haitakuwepo."

Nadine akabadilisha kalamu ya kijani, akashika ya buluu, ile ya kusainia. Kule mbele mtu mmoja alikwisha kusogelea kengele. Kwenye kona ya watoto Tilly aliinua kichwa, akamwona bibi yake ameinama juu ya karatasi, rangi ikamdondoka.

"Hapana."

Halikuwa neno kubwa, na lilitoka pamoja na kipande cha peremende kilichogonga kikombe cha kahawa. Wa meza tatu za jirani wakashusha donati zao. Verlin mwenyewe aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyesema.

"Umemsikia," Nadine alimwambia Corbin, bila kuinua kalamu. "Mume wangu kasema hapana. Ngoja kwanza nisaini, halafu nitaongea naye... Verlin? Umesema na nani?"

"Nimesema na wewe, Nadine."

Damu ikampanda Nadine kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Miaka arobaini na moja ya ndoa! Alpaka kaambiwa ndiyo, kaburi ndiyo, mzee wa karanga ndiyo, na hapana ya kwanza ya maisha yake anakuja kumtunukia yeye, mbele ya watu, mbele ya donati!

"Wewe?" alisema. "Wewe mwenye mawe manne mfukoni, ndiye wa kunizuia mimi? Hawa wamelisoma daftari langu, Verlin. Wamelisoma kwa adabu. Kuna mtu yeyote nyumbani kwetu amewahi kulifungua?"

Verlin akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ukurasa wa sita ni ile hoteli ya Tennessee yenye bata bafuni. Wa kumi na mbili ni madaktari wa meno, ukamchagua yule mwenye mikono ya moto. Wa ishirini ulilinganisha hospitali nilipougua nyongo, na pembeni ukaandika kwamba hii ya pili viti vya wageni vinalalika." Akaokota kipande chake cha peremende. "Nalisoma kila asubuhi, Nadine, ukiwa bafuni. Nalisoma na kahawa yangu. Hata wa thelathini na moja nimeusoma."

Nadine akashusha kalamu. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa wa mpango wa kikao hiki. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, ilikuwa imeandikwa: Verlin asikaribie kalamu.

"Nilikuwa naona haya kukwambia," Verlin aliendelea. "Na hiyo ya leo tu, mama, hata mimi nilikuwa nayo kule Muncie. Ilikuwa ya leo tu kipupwe kizima."

Corbin aliangalia tai yake. Suzette alivua miwani, akaipangusa bila sababu.

Hasira za Nadine zilikuwa bado hapo, nzima, hazijaguswa. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinapanda, chenye joto na cha kuudhi, na aliona aibu alipogundua kwamba ni furaha. Kumbe amesomwa! Kila asubuhi, na yeye yuko bafuni anapiga mswaki, akidhani anaishi na mtu wa redio na biskuti. Aliitazama karatasi. Akaitazama safu ya kijani, yenye mteremko wake na miaka yake mia na tatu. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari safu yote, juu hadi chini.

"Dakika ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Tatu, mama," alisema Corbin.

Wakazikaa zote tatu, wamenyooka, macho wazi. Verlin akazitumia kula donati. Zilipoisha Suzette akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaondoka. Verlin akampa Corbin mkono, akaushika muda mrefu.

"Usikate tamaa, mwanangu," alimwambia. "Taa wanazima wao, wewe huna kosa. Halafu, sema, umewahi kufikiria habari za alpaka?"

"Verlin," alisema Nadine, akamvuta kwa shati.

Mapokezi ya Hoteli ya Magogo yalikuwa na nguzo za miti na harufu ya mdalasini. Tilly alikuwa amekwisha kubandika uso kwenye kioo akitafuta masharubu. Dada wa pale alipokea karatasi yenye muhuri, akasoma jina, akainua uso akicheka. "Mama Haggerty! Hatimaye! Na mafua?"

"Yamepona," alisema Nadine kwa haya.

"Chumba chenu ni upande anakopita Kapteni. Nani anasaini?"

Nadine alikuwa na kalamu ya buluu mkononi. Aliitazama, akamtazama mumewe, mawe yakigongana mfukoni mwake kila alipohema. Akampa kalamu.

Verlin aliipokea kwa mikono miwili. Alisaini taratibu, herufi moja moja, akaweka nukta, akavuta pumzi kama mtu aliyemaliza kushusha friji ghorofa tatu.

"Vizuri sana, mzee," alisema dada, akageuza karatasi nyingine kwa tabasamu pana. "Na kesho asubuhi mngependa kuongeza kifungua kinywa na Kapteni Fisi Maji mwenyewe, pamoja na picha tatu, fremu, na sufuria yake ndogo ya ukumbusho?"

Tilly aligeuka kutoka kwenye kioo. Nadine hakumfinya mtu. Alifungua daftari ukurasa wa thelathini na moja, akasubiri, kalamu nyekundu tayari kuufuta ule mstari wa juu.

"Sufuria ya namna gani?" aliuliza Verlin.

Nadine akafunika daftari, akaanza kutafuta pochi.